Watu Elfu Nne Ambao Hawajasema Hapana

Jumatatu, 3 Machi

Toleo la kumi na moja limeondoka saa tatu asubuhi. "Mgongo Wako na Wewe: Sehemu ya Pili." Limekwenda kwa watu 4,112, kwa kubonyeza mara moja! Nilitaka kusimama nijipongeze, nikaona uvivu. Nimechoka tangu Januari.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: mimi ni Mkuu wa Barua Pepe katika duka la magodoro la shemeji, kaka yake mke wangu. Cheo nimejipa mwenyewe. Shemeji huniita "yule wa kompyuta". Meza yangu iko nyuma ya magodoro ya sita kwa sita, yamesimama wima na nailoni zake, kwa hiyo sioni wateja na wateja hawanioni. Nasikia tu nailoni zikilia watu wakiyabonyeza.

Anwani zile nimezikusanya kwa jasho langu, miezi mitano. Nyingi zimetoka kwenye kadi za dhamana, zile ambazo mteja hujaza ili godoro likibonyea abadilishiwe. Nyingine kwenye kitabu cha wageni cha jengo la ofisi (mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai). Nyingine kwenye bakuli la kadi kwa kinyozi. Nimeweka pia ndugu wote wa mke wangu, mke wangu mwenyewe na binti yetu, ili namba ipande. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Kweli sijamuuliza mtu, lakini hilo ni jambo jingine.

Shemeji ameuliza tena leo: mtu amenunua godoro juzi, godoro linakaa miaka kumi, kumwandikia kila Jumatatu ni ili iweje? Nikamjibu kwamba ndiyo maana lazima tuanze kumkumbusha mapema. Akashika kichwa, akaenda stoo.

Linalonikera hasa ni binti yangu. Yuko chuo cha uuguzi, mbali. Anahitimu mwezi ujao. Wiki tatu zilizopita aliniandikia kwamba mzazi anayetaka kiti cha mahafali athibitishe kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa sita mchana. Ana viti viwili, cha mama na cha baba. Nilimjibu siku hiyo hiyo, kutoka anwani ya duka, yenye hadhi. Barua ndefu, nzuri, nilikaribia kulia mwenyewe nikiiandika. Kimya! Nikaandika ya pili. Kimya. Ya tatu. Kimya kabisa.

Mke wangu anasema nipige simu. Sipigi. Nimeshaapa mbele yake: baba akiandika barua, mtoto hujibu barua. Simu ampigie mama yake, kama kawaida yao.

Jumanne, 4 Machi

Matokeo. Katika watu 4,112, waliofungua toleo la kumi na moja ni tisa. Mmoja ni mimi, nilikuwa najaribu kama linafunguka. Mwingine nadhani ni mimi pia, kwa simu.

Shemeji amenuna. Anasema aliandikia kiwanda cha sponji tangu wiki iliyopita, hawajajibu, na wao hujibu siku ile ile. Nikamwambia siku hizi watu hawana adabu ya kujibu barua, tazama hata binti yangu. Tukatikisa vichwa pamoja, tumeungana katika uchungu.

Halafu nikachungulia dirishani, roho ikaniuma zaidi. Ng'ambo ya barabara, mkabala nasi, yupo Bwana Mito. Jina la utani. Anauza mito, mashuka na magodoro mawili matatu. Naye ana jarida la barua pepe. Lina watu sitini na tatu. Sitini na tatu! Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini kijana wa duka la vioo ameniambia kwamba Bwana Mito akiandika, watu wanajibu. Mama mmoja alimtumia hadi picha ya kitanda chake kilivyotandikwa. Mimi hakuna aliyewahi kunitumia chochote, isipokuwa wakili mmoja, na ile haikuwa picha.

Lazima nijue siri yake. Kesho naingia.

Jumatano, 5 Machi

Upelelezi. Nimevaa kofia ya shemeji na miwani ya kusomea ya mke wangu, kwa hiyo nilikuwa sioni vizuri. Bwana Mito akanikaribisha, karibu jirani, leo umevaa miwani. Nikasema natafuta mto.

Siri yake ni daftari! Daftari la kawaida, liko kaunta, lina kalamu imefungwa kwa kamba. Mteja akitaka barua anaandika mwenyewe jina na anwani. Asiyetaka hasumbuliwi. Halafu, na hapa ndipo nilipoona kwamba huyu mtu hana akili timamu, Bwana Mito anamwandikia barua moja fupi kumuuliza kama kweli ni yeye na kama kweli anataka. Asipojibu ndiyo, anamfuta! Mtu ameshakubali, unamuuliza tena! Anaandika mara nne tu kwa mwaka, na chini ya kila barua ameweka mahali pa kubonyeza kujiondoa, maandishi makubwa, hata mimi na miwani ya mke wangu ningeyaona.

Nikamwambia anapoteza biashara. Akacheka kwa upole, akasema hao sitini na tatu wanamtosha, maana kila mmoja alimwita mwenyewe.

Akaniambia nijaribu mto, nilale kidogo juu ya godoro la maonyesho. Nikalala kwa ajili ya kazi. Mungu wangu, lile godoro! Nilipoamka ilikuwa saa tisa, nimefunikwa shuka, na Bwana Mito yuko nje anafagia. Daftari liko wazi kaunta.

Kurasa tatu. Nimezipiga picha zote kwa simu. Kisha nikalikunja shuka lake vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimewapelekea wale sitini na tatu toleo maalumu: "Kwa Nini Ulale kwa Jirani?" Nilijisikia nina miaka thelathini.

Saa nane Bwana Mito akaingia dukani kwetu, ameshika karatasi. Amechapisha barua yangu! Akamsalimu shemeji kwa heshima zote, akaomba radhi kwa kutusumbua. Akaeleza kwamba katika daftari lake, ukurasa wa pili, mstari wa nane, kuna mteja ambaye hayupo duniani. Jina amelitunga yeye, anwani ameifungua yeye, na hakuna mwingine anayeijua. Amemweka pale ili barua ikimfikia ajue kuna mtu amechungulia. Miaka minne mteja huyo hajapata barua ya mtu mwingine. Leo amepata. Imeanza "Mpendwa Mteja" na imesainiwa "Mkuu wa Barua Pepe".

Shemeji akaniangalia. Nikasema labda ni bahati mbaya ya mitambo.

Bwana Mito hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliiweka karatasi mezani, akaninyooshea kwa kidole kimoja, akasema mto niliolalia jana bado upo kama nitauhitaji. Kisha akavuka barabara.

Jumamosi, 8 Machi

Kimenuka. Barua za duka haziendi. Si zangu tu, hata za shemeji. Ameandikia kiwanda, imerudi. Ameandika tena, imerudi na maneno ya kukatisha tamaa: kampuni inayotupelekea barua imetusimamisha kwa sababu watu wengi wamelalamika kwamba tunawatumia barua taka. Taka! "Mgongo Wako na Wewe"!

Shemeji akauliza stoo imebaki na magodoro mangapi. Tukahesabu. Akasema kiwanda kisipopata oda yake, mwezi ujao atauza nailoni tupu. Ameita mtu wa kuja kutengeneza. Nikasema mimi naweza. Akasema, shemeji, nakuheshimu kwa sababu ya dada yangu, tafadhali usiguse kitu.

Nimekaa siku nzima nyuma ya magodoro, sigusi kitu. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekuja. Nilitegemea kijana mwenye vifaa masikioni. Kumbe ni mama wa makamo na zaidi, ana mkoba mkubwa na chupa yake ya chai. Alifanya kazi posta miaka thelathini, akaanza na kupanga bahasha, akamaliza na kompyuta. Wote humwita Mama Posta. Mimi ananiita mdogo wangu, kwa sauti ambayo haikunipendeza.

Amefungua matoleo yangu yote kumi na moja, ameyasoma. Mtu wa kwanza kuyasoma yote ni yeye. Akaniuliza sehemu ya kujiondoa iko wapi. Nikamwonyesha: ipo, mwisho kabisa, maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Akabonyeza. Ikafunguka fomu yangu. Inaomba jina, sababu ya kuondoka (si chini ya maneno hamsini), namba iliyoshonwa upande wa chini wa godoro, na shahidi. Mama Posta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema mtu anayelazimika kuinua godoro lake ili akuage, atabonyeza kitufe cha taka, na kitufe hicho hakiombi shahidi.

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Kujaza kadi ya dhamana si kuomba barua. Kusaini kitabu cha mlinzi si kuomba barua. Ruhusa ni mtu akuambie mwenyewe kwamba anataka, na akichoka aondoke kwa kubonyeza mara moja. Bila hivyo wanabonyeza taka, wakizidi unafungiwa, na mwenye duka anafungiwa pamoja nawe. Yaani maneno yale yale ya Bwana Mito! Nashuku wanajuana.

Ameomba tufunguliwe, nasi tutume polepole, barua chache kwa siku, za shemeji kwanza. Ameniamuru nifute orodha yote, isibaki hata anwani moja. Nimekubali shingo upande. Nimefuta mbele yake, nikabonyeza kitufe kwa huzuni ya kweli.

Nakala iko kwenye flashi. Flashi iko ndani ya soksi, mguu wa kushoto.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na wazo. Wanataka ruhusa? Wapewe ruhusa! Mama Posta mwenyewe amesema: bila ruhusa huandiki. Basi nitaomba. Na huwezi kumwomba mtu kitu bila kumwandikia. Sioni mtu mwenye akili atakayepinga hilo.

Saa nne, Mama Posta akiwa amekwenda kwa wateja wake wengine, nimechomeka flashi na kuwapelekea wote 4,112 barua yenye kichwa: "Naomba Ruhusa ya Kukuandikia." Ndani nimeeleza kwa unyenyekevu kwamba siwezi kuwaandikia bila ruhusa yao. Asiyejibu nitachukulia amekubali.

Saa tano na robo tumefungiwa tena. Safari hii zaidi.

Mama Posta amerudi na mwavuli unachuruzika, hajautikisa. Amesimama mbele ya meza yangu, maji yanadondokea kwenye zulia la sampuli, akauliza nilifikiri nini. Nikamweleza nilivyofikiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa juu ya godoro la futi tatu, akafungua chupa yake, akanywa kikombe kizima. Niliona nimemfikisha mahali ambapo miaka thelathini ya posta haikumfikisha.

Shemeji amechukua simu, ameanza kutafuta namba ya kiwanda aagize kwa mdomo. Anakosea tarakimu, anaanza upya. Nimemwonea huruma sana leo. Sikusema, ila niliona.

Jumatano, 12 Machi

Nyumbani hakukaliki. Mke wangu amezungumza na binti kwa simu jana jioni, baada ya zamu yake. Binti ameuliza kama baba anakuja kwenye mahafali au haji, maana hajajibu. Akasema kama sitaki, nimwambie tu, Ijumaa mchana wanafunga orodha. Mama mwenye nyumba anayopanga amemwonyesha wema mwingi, atampa yeye kiti.

Mama mwenye nyumba! Akae kwenye kiti cha baba!

Nikasema nimejibu mara tatu. Mke wangu akasema mtoto haongopi. Nikasema na mimi siongopi. Akasema na kofia ya kaka yake niliivaa kwenda wapi Jumatano iliyopita? Hapo nikatoa simu. Nikamwonyesha barua zote tatu, tarehe na saa. Akazisoma amesimama, sufuria mkononi. Alipofika mahali nilipoandika jinsi binti alivyokuwa akifunga bandeji miguu ya meza akiwa na miaka minne, akaketi. Akasema, mzee, mpigie simu mtoto, anataka kusikia kwako, si kwangu.

Siwezi. Nimeapa. Na kusema kweli naogopa. Kama amezisoma na akanyamaza, basi simu nitaambiwa nini?

Nimemwandikia ya nne. Kichwa cha habari: "MUHIMU!!! HARAKA!!! SOMA SASA!!!" Barua za duka zimefunguliwa mbili tu kwa siku, moja nimeichukua bila kumwambia shemeji.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hii polepole.

Mama Posta amekuja na karatasi mbili. Kampuni imempa orodha ya watu waliobonyeza kitufe cha taka. Ni 318. Amesema nisome majina yote, kwa sauti, ili nijue kwamba ni watu. Nikaona ni utoto, nikaanza kusoma kwa kejeli.

Wa kwanza kabisa, toleo la pili, ni mke wangu.

Wa saba ni binti yangu.

Nikarudia kusoma anwani ile herufi kwa herufi. Mama Posta akauliza ni nani. Nikamwambia. Akavuta kiti. Akanieleza, bila ile sauti ya mdogo wangu, kwamba mtu akishabonyeza taka, kinachofuata kutoka anwani ile kinakwenda takani chenyewe. Barua za magodoro zinakwenda huko. Na za baba pia zinakwenda huko, kama zimetoka anwani moja. Mashine haijui tofauti. Binti hajaziona hata moja.

Barua zangu nne. Bandeji kwenye miguu ya meza. Ziko takani pamoja na "Mgongo Wako na Wewe".

Nilikwenda stoo nikasimama katikati ya magodoro. Shemeji akanifuata, akanipiga begani mara mbili, akarudi kaunta. Ni mtu mwema kuliko ninavyomwandika humu.

Jioni nimemuuliza mke wangu kwa nini alibonyeza. Akasema analala na mwandishi kitanda kimoja, kuna haja gani ya barua?

Ijumaa, 14 Machi

Nimepigana na kiapo usiku kucha, saa tatu asubuhi nimekivunja. Nimempigia. Simu imezimwa! Yuko wodini, wanaziacha kwenye makabati. Saa nne, imezimwa. Saa tano, imezimwa. Mke wangu naye anajaribu, imezimwa. Orodha inafungwa saa sita.

Barua za duka hata zikienda zinaishia takani. Anwani yangu nyingine sina, niliifunga nilipopata hii yenye hadhi. Ya mke wangu amesahau neno la siri. Nikamwaza mtu mmoja tu mwenye jina safi katika mtaa huu.

Nikavuka barabara, bila kofia, bila miwani. Nikamweleza Bwana Mito kila kitu, hata soksi. Nikamwomba, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu siku ya kuposa, amwandikie binti yangu kutoka anwani yake mstari mmoja: Baba anakuja.

Akauliza kama binti amejiandikisha kwenye daftari. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akasema pole jirani, yeye hamwandikii mtu ambaye hakumwomba.

Nilimkodolea macho. Nilikuwa tayari kumrukia, naapa, katikati ya mito. Kisha akaniuliza kama nina namba ya simu ya mtoto. Nikasema ninayo, imezimwa. Akauliza nimeanza kupiga lini. Nikasema leo. Akauliza na wiki zote hizi? Nikamweleza habari ya kiapo. Akapanga mito miwili iliyokuwa imeshapangwa. Akasema yeye na marehemu mkewe hawakujaliwa mtoto. Angekuwa na wa kumpigia, asingehesabu nani alitakiwa kujibu kwanza.

Akanisogezea kiti. Nikapiga tena pale pale. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, ikaita. Akapokea! Anahema, ametoka mbio kula.

Nikamwambia nakuja. Nikamwambia nimejibu mara nne, ziko takani, atazame. Maneno yakanitoka yote kwa pamoja. Kisha akasema jina langu aliliandika siku ile ile fomu zilipotoka, hakusubiri barua. Ya mama mwenye nyumba aliyasema kwa hasira tu. Alitaka anisikie nikisema nakuja.

Nikamuuliza kwa nini alinibonyeza taka. Akasema matoleo mawili ya kwanza aliyasoma mpaka mwisho, yote, akitafuta mahali nilipomsalimia.

Nililia kwenye mto wa Bwana Mito, wa sampuli. Akaniambia niende nao, hawezi kuurudisha rafuni ulivyo.

Jumapili, 16 Machi

Binti ameingia takani akazitoa barua zote nne. Amezisoma. Ameandika! Mke wangu amekumbuka neno lake la siri (ni jina la binti, tungejua), na barua imekuja kwake, amenisomea mara mbili. Sehemu ya mwisho nimeinakili humu: "Baba, nakuruhusu. Barua moja kwa wiki. Habari za nyumbani tu. Godoro lisitajwe."

Ruhusa ya kwanza maishani mwangu. Nimeenda kuitazama tena mara tano. Mke wangu ameimba akiosha vyombo, jambo ambalo halijasikika hapa tangu nianze kazi ya barua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimevua soksi mbele ya Mama Posta, nikamkabidhi flashi. Ameivunja kwa kisigino cha kiatu, akanywa chai. Nikamwambia nimejifunza, na nilikuwa namaanisha. Barua za shemeji zimefunguliwa, kiwanda kimejibu, kumbe walikuwa wanatuona takani wakadhani tumeibiwa anwani.

Nimenunua daftari, nimefunga kalamu kwa kamba. Mpaka jioni waliojiandikisha ni watatu: Mama Posta, shemeji aliyeshikwa mkono, na mzee mmoja aliyedhani anasaini kupokea mzigo. Bwana Mito amekuja kulitazama, akasema huo ni mwanzo mzuri. Nikamshukuru. Si mtu mbaya.

Watatu. Nimelitazama daftari lile siku nzima. Mchana ni mrefu sana mtu akiwa na wasomaji watatu.

Alhamisi, 20 Machi

Chuo kimetuma mwaliko wa mahafali kwa barua pepe. Binti amewapa anwani yangu ya duka. Mwaliko mzuri, una ratiba na ramani ya kufika. Kiti changu ni namba 58, cha mke wangu 59. Nimeusoma taratibu, nimetulia, moyo mweupe.

Halafu nikaona juu. Aliyetuma hakuficha anwani! Zimepangwa zote, ya kila mhitimu na kila mzazi. Nimezihesabu. 212.

Nikasema hapana. Nikafunga kompyuta. Nikafungua.

Hebu tufikirie kwa utulivu, kama watu wazima. Sijachungulia daftari la mtu. Sijamvizia mlinzi. Anwani hizi zimeletwa kwangu, na chuo, kwa hiari yao, bila mimi kuomba. Kama hiyo si ruhusa, ruhusa ni nini? Tena ni wauguzi. Watu wanaokesha kazini na kulala mchana, na nani amewahi kuwaandikia kuhusu kulala mchana? Hakuna! Na shahidi nimemfuta kwenye fomu ya kujiondoa, sasa ni namba ya godoro tu. Mtu asiseme sibadiliki.

Mke wangu amepiga simu kuuliza nafanya nini. Nikamwambia naandika ile barua ya wiki ya mtoto. Akafurahi.

"Mpendwa Muuguzi: Mgongo Wako Baada ya Zamu. Sehemu ya Kwanza." Saa tisa kamili, imeondoka. Binti yangu nimemweka juu kabisa ya orodha, maana yeye ruhusa ametoa kwa maandishi.